Neno Alilolimeza Dick: Lugha na Kupanda kwa Maskini katika Riwaya ya Horatio Alger

Wako waandishi ambao majina yao hutajwa mara nyingi kuliko vitabu vyao vinavyosomwa. Mmoja wao ni Horatio Alger, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1832 na kufariki mwaka 1899, baada ya kuandika vitabu vipatavyo mia moja, vingi vyavyo vikiwa ni hadithi za wavulana maskini. Huko kwao jina lake limekuwa kama methali. Mtu aliyezaliwa hana mbele wala nyuma akapata kuwa tajiri husemwa kwamba maisha yake ni hadithi ya Horatio Alger, na tangu mwaka 1947 kipo chama kinachobeba jina hilo na kuwatunuku watu waliotoka katika dhiki wakafanikiwa. Lakini anayevifungua vitabu vyenyewe hukuta jambo jingine. Madhumuni ya makala haya ni kulichunguza jambo hilo kwa kuitazama riwaya moja tu, Ragged Dick, iliyotolewa kwanza sehemu kwa sehemu katika gazeti la vijana mwaka 1867 na kuchapishwa kama kitabu huko Boston mwaka 1868. Nitajaribu kuonyesha kwamba kinachompandisha shujaa wake si jasho lake, wala si bahati peke yake kama ilivyokwisha kuelezwa na wahakiki waliotangulia, bali ni lugha. Na kwamba kupanda huko kuna bei yake, nayo hulipwa kwa ulimi.

Nilikipata kitabu hiki nilipokuwa masomoni Marekani, katika duka la vitabu vikuukuu, kikiwa kimechakaa jalada. Nilikinunua kwa udadisi tu. Nilitarajia kusoma habari za kijana anayefanya kazi usiku na mchana hadi anakuwa milionea. Nilipokimaliza, milionea sikumwona. Nilimwona karani.

Kisa chenyewe ni chepesi. Dick Hunter ni yatima wa miaka kumi na minne anayepiga viatu rangi katika njia za mji wa New York. Hulala ndani ya sanduku lenye majani makavu. Huvuta sigara, hucheza kamari, hupenda mno kwenda kutazama michezo katika thieta ya Bowery, na fedha aipatayo asubuhi huwa imekwisha usiku. Lakini haibi, wala hamdanganyi mtu kwa nia ya kumdhuru. Siku moja bwana mmoja, Whitney, ana mgeni wake Frank, mtoto wa nduguye, naye hana nafasi ya kumtembeza mjini. Dick anajitolea kuifanya kazi hiyo, anapewa nguo safi, na kutwa nzima anakuwa kiongozi wa mtoto wa kitajiri. Maneno ya Frank yanamwingia moyoni. Anapanga chumba katika mtaa wa Mott kwa dola 1 kwa juma, anafungua akaunti ya akiba, kisha anamkaribisha chumbani yatima mwenzake, Henry Fosdick, mwana wa mpiga chapa aliyewahi kusoma, kwa sharti kwamba Fosdick amfundishe kusoma na kuandika. Mwishoni, wakiwa ndani ya feri ya kwenda Brooklyn, mtoto mdogo anatumbukia majini. Dick anajitosa na kumwokoa. Baba wa mtoto, mfanyabiashara aitwaye Rockwell, anampa kazi ya ukarani kwa mshahara wa dola 10 kwa juma, na hapo kitabu kinaishia.

Hebu sasa tufanye hesabu, maana Alger ni mwandishi anayependa kututajia bei ya kila kitu, na si haki kumsoma pasi na kuzijumlisha. Malipo ya kupiga viatu rangi ni senti 10. Katika sura ya kwanza mteja mmoja, Greyson, hana fedha ndogo ila senti 25. Dick hana chenji, basi mteja anamwachia zote na kumwambia amletee senti 15 zilizobaki ofisini kwake. Dick anazipeleka. Greyson anastaajabu, baadaye anamwalika katika shule ya Jumapili, anamkaribisha nyumbani kwake, na ni yeye anayemdhamini Fosdick apate kazi dukani. Hivyo senti 15 zilizorudishwa zinazaa matunda kuliko viatu vyote ambavyo Dick amevipiga rangi tangu utoto wake. Akaunti ya benki nayo inaanza kwa dola 5 alizopewa na Whitney. Ni kweli kwamba Dick anajinyima hadi akiba yake inapita dola 100, na mwandishi anamsifu kwa hilo kurasa nyingi. Lakini akiba hiyo hainunui kitu cha maana. Haifungui duka wala haianzishi biashara. Inakaa benki, inaibwa, inarudishwa. Kazi yake katika riwaya ni kuwa cheti cha tabia njema, na wala si mtaji.

Tukifika katika tukio la feri, hesabu inageuka kuwa jambo la ajabu zaidi. Baba anapiga yowe kwamba atampa dola 10,000 yeyote atakayemwokoa mwanawe. Msimulizi anajitaabisha hapo kutuhakikishia kwamba Dick alikwisha kukata shauri kabla ya ahadi hiyo kutamkwa, na kwamba kwa kweli hakuisikia kabisa. Kwa nini ajitaabishe hivyo? Kwa sababu lau Dick angeisikia, kujitosa kwake kungekuwa kazi ya ujira kama kupiga viatu rangi, na baba yule angekuwa anadaiwa. Alger hataki tajiri adaiwe na maskini. Anataka atoe. Na siku Rockwell anapotaja mshahara, Dick mwenyewe anakiri waziwazi kwamba kiasi hicho kinazidi thamani ya kazi awezayo kuifanya. Bwana yule hakanushi, anatabasamu tu na kusema kwamba yeye yu radhi kukilipa. Fosdick, aliyeelimika zaidi na aliye mwalimu wa Dick, alianza kwa dola 3 kwa juma. Sijapata kuona kitabu cha kusifu bidii kinachokiri kwa unyofu namna hii kwamba malipo na kazi ni vitu viwili visivyokutana.

Haya si mageni kwa wahakiki wa Marekani. John Cawelti, katika kitabu chake cha mwaka 1965 juu ya watu waliojiinua wenyewe, alikwisha kueleza kwamba shujaa wa Alger hafikii utajiri mkubwa bali heshima ya tabaka la kati, na kwamba bahati na wafadhili ndio wanaomfikisha. Jambo hilo nalikubali na sitalirudia. Ila yatupasa kusema neno juu ya mfadhili huyo kabla ya kuendelea, kwani maisha ya mwandishi yanatulazimisha.

Alger alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiunitaria huko Brewster, Massachusetts. Mwaka 1866 kamati ya kanisa lake ilimshtaki kwamba amewanajisi wavulana. Hakukana. Aliondoka haraka, akahamia New York, na huko akaanza kuandika juu ya wavulana wasio na baba. Habari hizi zilifichika kwa muda mrefu, na pengo lililobaki lilijazwa na uzushi. Mwaka 1928 mwandishi mmoja, Herbert Mayes, alitoa kitabu cha maisha ya Alger ambacho ndani yake alibuni matukio na hata shajara isiyokuwako. Kwa karibu nusu karne wasomi walikinukuu kwa heshima zote, hadi Mayes mwenyewe alipokiri. (Sisi tunaowaonya wanafunzi wetu wasiifasiri kazi ya mtunzi kwa kutumia ngano za maisha yake tuna mfano mzuri hapa.) Wapo wanaosema kwamba habari za Brewster zisitiwe mkobani, kwani kazi ya sanaa ina maisha yake. Mimi sikubaliani nao. Msimulizi wa Ragged Dick anasisitiza kwamba chini ya uchafu Dick ana sura nzuri na macho manyofu, na uzuri huo ndio unaowafanya mabwana wasimame na kumwangalia. Jicho la mfadhili linaloteua mtoto mmoja kwa uso wake, likawaacha kumi waliosimama naye, ni jicho la kutiliwa shaka hata kama tusingejua lolote juu ya aliyelibuni. Tukijua, haifai kujifanya hatujui.

Nirudi sasa kwenye lugha. Mtu atakayesoma sura za mwanzo atakubaliana nami kwamba uhai wa kitabu hiki umo kinywani mwa Dick. Alger alizoea kulitembelea bweni la wauza magazeti lililofunguliwa mwaka 1854 na shirika la kuwasaidia watoto, akakaa na vijana wale na kuwasikiliza. Sikio lake lilikuwa jema kuliko kalamu yake. Msimulizi anapozungumza kwa sauti yake mwenyewe ni mkavu kama mhubiri aliyechoka, lakini Dick akifungua kinywa, ukurasa unachangamka. Koti lake lililochanika anasema alipewa na George Washington, aliyelivaa vitani. Suruali yake ni zawadi ya Napoleon. Anazungumzia jumba lake la Fifth Avenue na hisa zake za reli ya Erie. Akiulizwa swali na tajiri hujibu kama tajiri, akiulizwa na askari hujibu kama mwenye haki zote za raia.

Utani huu si pambo. Ni silaha, na inafaa tuelewe inavyofanya kazi. Dick anasema maneno ya mwenye mali huku mwili wake umevaa matambara. Kicheko kinatokana na umbali uliopo kati ya neno na nguo. Anayecheka analazimika kuuona umbali huo, na akiuona, ameuona mji wote wa New York, wenye majumba upande mmoja na masanduku ya majani makavu upande wa pili. Hakuna mhusika mwingine katika riwaya hii anayetuonyesha matabaka kwa uwazi kama huyu mtoto anayejisifia hisa asizokuwa nazo. Msimulizi hathubutu. Dick anathubutu kwa sababu hana cha kupoteza.

Basi fikiria litakalotokea siku atakapopata nguo nzuri. Umbali unapungua na kicheko kinapungua nao. Mtu aliyevaa suti akitaja hisa zake hachekeshi, anaaminika. Na ndivyo inavyokuwa hatua kwa hatua. Siku anapotembea na Frank bado anatania, lakini Frank, aliyelelewa vyema, anaanza kumsahihisha kwa upole na kumpa mawaidha. Kisha anakuja Fosdick. Kwa miezi tisa, usiku baada ya usiku, vijana hawa wawili wanakaa katika chumba cha mtaa wa Mott na vitabu vyao. Dick anajifunza kusoma, mwandiko, hesabu, jiografia na sarufi. Nakiri kwamba kurasa hizo zilinigusa. Hakuna mfadhili chumbani humo. Wapo watoto wawili maskini, mmoja ana kitanda na mwingine ana elimu, nao wanabadilishana. Hapa ndipo mahali pekee katika kitabu ambapo mtu anapata kitu kwa kutoa kitu cha thamani sawa. Lau Alger angeuona ushirika huo alioubuni mwenyewe, angeandika riwaya kubwa. Hakuuona. Aliuchukulia kuwa ni maandalizi ya kukutana na Rockwell.

Katika ofisi ya Rockwell ndipo penye jambo lililonifanya niandike makala haya. Bwana huyo anamwuliza Dick kama angependa kuwa karani katika ofisi yake. Msimulizi anatuambia kwamba Dick alikuwa karibu kutamka neno moja la mitaani, neno la furaha walilopenda kulitumia wavulana wa Marekani wa wakati ule, kisha akajikumbuka, akajibu kwa adabu kwamba atapenda sana. Ni sentensi moja tu, na wengi huipita wakitabasamu. Lakini tuitazame vizuri. Kijana huyu ameruka majini bila ya kufikiri, na katika kuruka huko hakuwa na haja ya kujikumbuka. Anapotakiwa kupokea ujira wake, kitendo cha kwanza anachodaiwa ni kulimeza neno lake. Mtihani wa feri ulikuwa wa moyo. Huu wa ofisini ni wa ulimi, nao ndio unaoamua. Shujaa wa majini angeweza kushukuriwa, akapewa nguo kavu na noti mkononi, akarudi kwenye sanduku lake. Anayebaki ofisini ni yule aliyejua kumeza.

Tuwatazame pia walioshindwa kumeza. Yuko Johnny Nolan, mvivu asiyekuwa mbaya, anayebaki pale pale na brashi yake. Yuko Micky Maguire, mbabe wa mtaa na adui wa Dick. Msomaji wa Kenya hana haja ya kufundishwa namna ya kusoma majina ya watu. Nolan na Maguire ni majina ya Kiayalandi, ya watu waliomiminika New York tangu njaa kuu ya miaka ya 1840. Hunter na Fosdick ni majina yenye asili ya Kiingereza. Mwandishi halisemi hili popote, wala sidhani kwamba alikusudia kuwatukana Waayalandi. Katika vitabu vya baadaye anawahurumia wageni, na katika Phil the Fiddler cha mwaka 1872 aliwatetea watoto wa Kiitalia waliokuwa wakitumikishwa na mabwana zao kupiga muziki njiani. Lakini katika Ragged Dick mlango uliofunguliwa una upana fulani. Anayepita ni yule ambaye, akishaoshwa uso na kusahihishwa sarufi, atafanana na mabwana walioko ndani.

Ingefaa kumlinganisha Alger na wenzake wa Uingereza, ambao sisi tuliwajua mapema zaidi. Hadithi za kishujaa za wavulana zilizofasiriwa kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1920, kama vile Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, huuweka utajiri mbali, ng'ambo ya bahari, chini ya ardhi ya watu wengine. Jim Hawkins, mwana wa mwenye nyumba ya wageni, hana haja ya kubadili lugha yake. Inatosha awe na ramani na ujasiri, arudi na dhahabu. Alger hana kisiwa. Hazina yake imo ofisini, umbali wa barabara chache, na anayeilinda si jini wala haramia bali ni mtu mwenye meza, kalamu na sikio la kusikia namna unavyozungumza. Katika hili ni mwandishi wa kisasa kuliko Waingereza wale, na kwa wasomaji wetu waliozaliwa mjini yuko karibu zaidi.

Kwa karibu kiasi gani? Tuna riwaya ya Kenya inayoweza kutujibu, ingawa iliandikwa kwa Kiingereza: Kill Me Quick ya Meja Mwangi, iliyotoka mwaka 1973. Meja na Maina wamekwisha kupita mahali ambapo Dick anahangaika kufika. Wamesoma sekondari, wana vyeti, wana sarufi. Lakini wanaishi kwenye vichochoro na kula mapipani. Hakuna mtoto anayetumbukia majini mbele yao, na lau angetumbukia, sidhani kwamba baba yake angewauliza chochote. Mwangi hakuwa na haja ya kumjibu Alger, wala sijui kama alimsoma. Hata hivyo, vitabu hivi viwili vikiwekwa mezani pamoja vinasemezana. Cha kwanza kinasema: jifunze lugha ya ofisini, na mlango utafunguliwa. Cha pili kinawaonyesha waliojifunza wakiwa nje ya mlango huo huo. Jambo ambalo Mwangi anajua na Alger hajui ni kwamba lugha ya ofisini ina thamani kwa muda wote ambao wachache wanaijua. Wakishaijua wengi, bwana mwenye meza hutafuta kipimo kingine.

Haya yangebaki mambo ya vitabu tu, lau si jaribio nililolifanya na wanafunzi wangu. Niliwapa sura mbili za Ragged Dick, ya mwanzo na ya mwisho, wazifasiri kwa Kiswahili, nikidhani kwamba ni zoezi jepesi la muhula. Wale waliotumia Kiswahili sanifu walimuua Dick katika ukurasa wa kwanza. Koti la Washington lilibaki koti, na mzaha ukawa taarifa. Mwanafunzi mmoja, kijana mkimya aliyelelewa Nairobi upande wa Eastlands, alimfasiri Dick kwa Sheng. Alisoma kazi yake kwa sauti, na darasa zima likaangua kicheko mahali pale pale ambapo Wamarekani wa mwaka 1868 walicheka. Nilicheka nami. Kisha nikafanya kazi yangu: nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mistari chini ya maneno yasiyokubalika, nikampa alama za chini kuliko wenzake.

Si kwamba sikuwa na sababu. Idara hii haikuanzishwa ili kufundisha lugha ambayo kila kijana anaijua kabla ya kufika hapa. Kiswahili sanifu ndicho kinachomwezesha msomaji wa Mombasa kuelewana na wa Kigoma na wa Bujumbura, na mwanafunzi asiyekimudu ataadhirika mbele ya wanaoajiri. Nayasema hayo kila mwaka na nayaamini. Lakini usiku ule, nilipoirudia sentensi ya ofisini, nilimwona Rockwell kwa mara ya kwanza kama mtu ninayemfahamu. Ana meza. Ana kalamu. Ni mwema, wala hamkatazi mtoto yule neno lolote. Mtoto anajikataza mwenyewe, kwa kuwa amekwisha kujua sikio lililo mbele yake linataka kusikia nini. Miezi tisa ya mtaa wa Mott ilikuwa ni ya kulijengea sikio hilo mahali ndani ya kichwa chake.

Nilimrudishia kijana yule kazi yake na kuzibadili alama. Nilimwomba aendelee hadi sura ya mwisho, aifasiri jinsi aonavyo. Hapo akakwama, na kukwama kwake kulinifunza kuliko yote niliyoyasoma juu ya Alger. Dick wa mwanzo alimjia bila ya taabu. Dick wa mwisho, anayeitwa sasa Bwana Richard Hunter, alimtaka aandike Kiswahili kile nilichokuwa nikimfundisha, na kila alipokiandika, akasema, alihisi kwamba anamwandika mtu mwingine aliyemwua wa kwanza na kuchukua chumba chake. Ndani ya kitabu Alger ana njia ya kulimaliza tatizo hilo. Siku ile ile Dick anaporudi nyumbani na habari njema, anakuta koti la Washington na suruali ya Napoleon vimeibwa. Fosdick anamwambia ni heri, sasa amekatwa kabisa na maisha yale ya zamani. Mwizi hatajwi katika sura hiyo wala hakuna anayejishughulisha kumtafuta.

Tulibishana darasani vipindi viwili juu ya neno lililomezwa. Mmoja alitaka liwe "poa", mwingine "fiti", wa tatu akasema kwamba neno ambalo halikutamkwa lisiandikwe, litafutiwe kimya cha namna yake. Binti mmoja kutoka Lamu alipendekeza Dick aachiwe aliseme, kisha ndipo ajisahihishe, ili Rockwell alisikie. Nilimwambia kwamba hiyo haitakuwa tafsiri tena. Alinijibu, "Najua, mwalimu." Katika nakala iliyomo katika kabati la idara mahali hapo pana kistari, na pembeni, kwa mwandiko wa kijana yule wa Eastlands, yamo maneno yote matatu, yaliyokatwa na yaliyobakishwa.